Tarakilishi Haimjui Mteja, Amjuaye ni Karani

Mnamo Julai 2014, mwalimu mkuu mmoja kutoka Pwani alipanda basi la usiku hadi Nairobi ili aje kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alikuwa mama wa makamo, amejifunika leso mabegani kwa sababu ya baridi ya mwezi huo, na mkononi ameshika bahasha ya kaki iliyofura kwa risiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, kisha akaniwekea mezani barua yenye nembo ya duka letu.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hili deni mnalotudai ni la nani? Shule yangu haijawahi kukopa kwenu hata kalamu. Risiti zote ni hizi."

Barua ile iliandikwa na tarakilishi, lakini aliyeiwezesha tarakilishi kuiandika ni mimi. Nalikiri kosa hilo leo mbele ya walimu na wanafunzi, si kwa kuwa kukiri kunanipunguzia aibu, bali kwa kuwa naliona kosa lilo hilo likirudiwa kila uchao katika maduka, afisi, vyama vya ushirika na hata katika shule zetu. Hurudiwa kila mara tunapoamua kuhamisha kumbukumbu za watu kutoka orodha ya zamani hadi katika mfumo mpya, tukidhani kwamba kazi hiyo ni ya mashine peke yake.

Duka lenyewe, ambalo sitalitaja jina, liliuza vitabu kwa shule za pembe zote za nchi. Siku hizo serikali ilikuwa bado haijaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, utaratibu ulioanza mwaka wa 2018. Shule zilichagua vitabu na kuvinunua madukani, nyingine kwa fedha taslimu, nyingine kwa mkopo. Kwa hivyo kumjua mteja lilikuwa jambo la kufa na kupona. Na aliyewajua wateja wetu wote alikuwa karani mmoja wa miaka mingi, ambaye sisi vijana tulimwita Mzee.

Mzee alianza kazi na daftari kubwa jeusi lenye jalada gumu. Tarakilishi zilipoletwa, alijifunza kuzitumia akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakihesabu miezi ya kustaafu, akahamisha madaftari yake yote katika lahajedwali. Kwa asiyeijua, lahajedwali ni ukurasa wa tarakilishi uliochorwa mistari na safu mfano wa kitabu cha mahudhurio. Kila mteja alikuwa na mstari wake, na kila jambo lilikuwa na safu yake: jina, sanduku la posta, simu, deni. Mwisho kabisa, upande wa kulia, Mzee alikuwa ameweka safu moja pana aliyoipa jina "Maelezo".

Huenda walimu wakafurahi kusikia kwamba chombo hiki kilizaliwa darasani. Mwaka wa 1978, Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alimtazama mhadhiri wake akijaza hesabu ubaoni. Kila nambari moja iliposahihishwa, ilibidi nyingine nyingi zifutwe na kuandikwa upya. Bricklin akawazia ubao ambao ungejisahihisha wenyewe. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakaunda VisiCalc, lahajedwali iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1979. Excel, ambayo wengi wetu tunaijua zaidi, ilifuata mwaka wa 1985.

Tunachopaswa kukumbuka ni kwamba chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya hesabu. Hakikubuniwa kwa ajili ya majina ya watu. Sisi ndio tuliokichukua tukakifanya rejista ya wateja, ya wanachama na ya wanafunzi, kwa sababu kilikuwa karibu na kilikuwa rahisi.

Biashara zilipopanuka, ukaja mfumo wa kusimamia wateja, ambao wafanyabiashara huuita kwa herufi tatu, CRM. Kampuni ya Salesforce, iliyoanzishwa San Francisco mwaka wa 1999, ni mojawapo ya zilizoueneza mtindo huu kwa kuukodisha kupitia intaneti. Katika mfumo wa aina hii mteja hana mstari tu, bali ana ukurasa mzima. Humo mna alichonunua, alicholalamikia, anachodaiwa na aliyezungumza naye mara ya mwisho. Mhudumu yeyote akiufungua, anaweza kumjibu mteja bila kumngoja karani fulani arudi kutoka kwenye chakula cha mchana. Deni likipitisha siku zake, mfumo wenyewe huandika barua.

Mwenye duka aliununua mfumo kama huo mapema mwaka wa 2014, akaniajiri mimi niyahamishe majina. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, kichwa kimejaa elimu na kifua kimejaa majivuno. Nikapewa wiki sita, faili sita na mistari isiyopungua elfu tatu. Meza yangu ilikuwa ya pili kutoka kwa ile ya Mzee.

Jambo la kwanza nililoliona katika faili zile lilikuwa marudio. Shule moja ingetokea mara tatu: mahali pamoja imeandikwa "Sekondari", mahali pengine "Sek.", na kwingine jina la mtakatifu wake limeandikwa kwa tahajia nyingine. Mfumo mpya haukupenda marudio, nami pia sikuyapenda. Nikasawazisha majina, nikaondoa vifupisho, kisha nikaiamuru tarakilishi iunganishe kila mistari iliyofanana jina. Kwa dakika chache tu mamia ya mistari yakatoweka. Nilijipongeza kwa usafi ule.

Jambo la pili lilikuwa safu ya Maelezo. Mfumo mpya haukuwa na mahali pa kuiweka. Nilipoichungulia, nikaona imejaa maneno niliyoyahesabu kuwa soga tupu: huyu apigiwe jioni, yule karani wake amebadilishwa, wale hulipa bonasi ikitoka. Nikaifuta yote. Sikumuuliza Mzee kuhusu safu hiyo, wala kuhusu yale marudio.

Msomaji bila shaka amekwisha kubashiri yaliyofuata. Kulikuwa na shule mbili za upili zenye jina la mtakatifu mmoja. Moja ilikuwa Pwani, nyingine katika eneo la majani chai, Bonde la Ufa. Mikononi mwangu shule hizo mbili ziligeuka moja. Mfumo ulibakiza anwani ya ile ya Pwani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeandikwa karibuni zaidi, ukaitwika deni la ile ya majani chai. Ndipo barua ya kudai ikaandikwa na kutumwa kwa mwalimu mkuu ambaye hakuwahi kudaiwa senti.

Lakini deni halikuwa baya kuliko yote. Mama yule alipokuwa akizirudisha risiti zake katika bahasha, alikumbuka jambo jingine. "Na kile kifurushi cha vitabu arobaini mlichotuletea mwezi uliopita," akasema, "nimekiweka stoo. Sisi hatukukiagiza."

Nilihisi jasho jembamba likinitoka. Vile vilikuwa nakala za Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyokuwa ikitahiniwa katika Kidato cha Nne wakati huo. Aliyeviagiza ni mwalimu mkuu wa ile shule ya majani chai. Nilipompigia simu, alinieleza kwamba watahiniwa wake walikuwa wamengoja zaidi ya mwezi mmoja. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa akiwasomea kwa sauti kutoka katika nakala yake moja, nao wakinakili walichoweza. Mtihani wa majaribio ulikuwa mlangoni. Mwalimu huyo mkuu hakunifokea. Alidhani tumemnyima vitabu makusudi kwa sababu ya deni, na akaanza kunieleza kwa unyenyekevu kwamba wazazi wake wangelipa karo baada ya bonasi ya chai, kama walivyofanya kila mwaka. Unyenyekevu ule uliniuma kuliko matusi.

Ilibidi niende kwa Mzee. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua nakala ya faili zake za zamani aliyokuwa ameihifadhi bila kumwambia mtu. Akaigeuza skrini upande wangu. Katika mstari wa shule ya Pwani, chini ya Maelezo, palikuwa na maneno haya: "Hulipa taslimu. Ipo nyingine ya jina hili kule kwenye chai. Zisichanganywe." Katika mstari wa ile nyingine palikuwa na haya: "Hulipa Novemba, bonasi ikitoka. Wasisumbuliwe."

"Kijana," Mzee akaniambia, "ningekuambia haya kwa dakika moja. Hukuniuliza."

Waama, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wakasema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizo mbili nilizikariri shuleni kwa ajili ya insha, lakini sikuzielewa hadi siku hiyo. Safu niliyoiita soga ndiyo iliyokuwa elimu ya duka lile. Majina na nambari zingeweza kupatikana kwingine, hata katika orodha ya masanduku ya posta. Kilichokuwa cha Mzee peke yake ni kule kujua ni nani hulipa lini na kwa nini, na ni nani asiyefaa kuchanganywa na nani.

Tangu siku hiyo nimefanya kazi ya kuhamisha kumbukumbu katika maeneo kadhaa, na nimejifunza kwamba makosa yake yana tabia moja. Hayapigi kelele. Tarakilishi inapokosea hesabu ya fedha, mtu hulalamika siku hiyo hiyo. Inapoharibu jina au nambari ya simu, hunyamaza, nasi twaendelea na shughuli zetu tukidhani mambo ni shwari.

Chukua mfano wa simu. Nambari za simu za mkononi nchini Kenya huanza na sifuri: 07, na tangu 2019 hata 01. Lahajedwali, kwa kuwa ilizaliwa kwa ajili ya hesabu, huiona sifuri ya mwanzo kuwa haina thamani na kuitupa. Ukiamua kuanza na 254 badala ya sifuri, unapata tarakimu 12, na Excel ikiachiwa uhuru wake huionyesha nambari ndefu namna hiyo kwa mtindo wa wanasayansi, tarakimu chache zikifuatwa na herufi E. Faili ikihifadhiwa hivyo kama matini tupu ili ipelekwe katika mfumo mpya, tarakimu za mwisho hazirudi tena. Ukiwa na nambari yenye tarakimu zaidi ya 15, kama ya kadi ya benki, zile zinazozidi hugeuzwa sifuri. Dawa ni ndogo: iambie lahajedwali mapema, kabla ya kuandika, kwamba safu hiyo ni ya maandishi. Simu haijumlishwi wala haigawanywi. Simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu.

Tarehe nazo zina mtego wake. Sisi tukiandika 03/04 tunamaanisha tarehe tatu Aprili, lakini tarakilishi iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma kuwa tarehe nne Machi. Hatari yenyewe imejificha, kwani 25/04 haiwezi kuwa mwezi wa ishirini na tano, hivyo mashine huiacha ilivyo. Matokeo ni kwamba tarehe za siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi hupinduliwa na zilizobaki husalia sawa. Mkaguzi akitazama mistari mitatu tu huenda asione kasoro yoyote.

Na majina je? Jina kama Ng'ang'a lina ritifaa mbili. Kuna ritifaa iliyonyooka na kuna iliyopinda, na kwa tarakilishi hizo ni alama tofauti kabisa. Mtu mmoja akiandikwa mara kwa iliyonyooka, mara kwa iliyopinda, na mara bila yoyote, huwa watu watatu. Isitoshe, faili ikitoka katika programu moja na kusomwa na nyingine isiyofuata usimbaji ule ule wa herufi, ritifaa iliyopinda hugeuka vijialama vya ajabu katikati ya jina la mzee wa watu. Mohamed, Muhammad na Mohammed ni hadithi iyo hiyo. Kinyume chake ni yale yaliyonipata mimi, wawili kufanywa mmoja kwa kuwa jina lao linafanana. Mashine huona herufi tu. Haimwoni mwenye jina.

Mtu asije akadhani kwamba haya ni matatizo yetu sisi wa nchi zinazoendelea. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, shirika la afya ya umma la Uingereza lilikuwa likikusanya matokeo ya maabara katika faili za Excel za aina ya zamani, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Matokeo yalipozidi kiasi hicho, yaliyobaki yaliachwa nje bila onyo. Visa 15,841 vya kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 havikuingizwa katika hesabu za kila siku kwa wakati wake. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa. Tafakari, msomaji, maana ya kuchelewa siku kadhaa katika ugonjwa wa kuambukiza.

Mwaka uo huo, kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilichapisha miongozo mipya, na baadhi ya jeni zikabadilishwa majina. Jeni iliyoitwa SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Sababu ilikuwa kwamba lahajedwali iliyageuza majina hayo kuwa tarehe za Septemba na Machi, na makala mengi ya kisayansi yalikuwa yamechapishwa yakiwa na makosa hayo. Jeni haina mdomo wa kukataa, kwa hivyo ilibadilishwa jina ili iiridhishe mashine. Je, na binadamu naye tumfanyie hivyo? Nimewahi kumsikia karani akimwambia mzazi, "Mama, mfumo unakataa jina hili, tuandike jingine." Mzazi alikubali kwa kuwa alikuwa amechoka kupanga foleni.

Hata safari ya kurudi ina miiba yake. Mara nyingi majina hutolewa katika mfumo, yakapelekwa katika lahajedwali yasahihishwe, kisha yakarudishwa. Salesforce, kwa mfano, huipa kila kumbukumbu utambulisho wa herufi na tarakimu 15, ambamo herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti. Lakini lahajedwali inapotafuta jina katika orodha, aghalabu haitofautishi kubwa na ndogo. Wateja wawili waliotenganishwa na ukubwa wa herufi moja wanaweza kubadilishana madeni njiani. Ndiyo sababu mfumo huo una utambulisho mwingine wa herufi 18, ambao hautegemei ukubwa wa herufi.

Wapo watakaoniambia kwamba, kama mambo ni haya, heri turudi kwenye daftari jeusi. Siwaungi mkono. Daftari huliwa na mchwa, huungua na hupotea. Mzee akiugua, duka lote liliugua naye, kwa kuwa elimu yake ilikuwa kichwani mwake na katika mwandiko ambao ni yeye tu aliyeweza kuusoma. Mfumo mpya ulikuwa na manufaa ya hakika. Ninachokipinga ni ile dhana kwamba kuhamisha kumbukumbu ni sawa na kuhamisha magunia kutoka lori hadi lori. Magunia yakifika kumi yametimia. Kumbukumbu zaweza kufika zote na bado ziwe zimekufa njiani.

Fauka ya hayo, sasa kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka kila anayeweka habari za watu nchini Kenya ahakikishe kwamba habari hizo ni sahihi na zinaenda na wakati. Pia inampa mwenye jina haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zisahihishwe. Kwa hivyo yule mzazi aliyeambiwa aandike jina jingine alikuwa na haki ya kusema la. Wanafunzi wetu wanapaswa kulijua jambo hilo kabla hawajawa makarani, na vilevile kabla hawajasimama mbele ya makarani.

Nawaandikia walimu kwa sababu shule nazo zina orodha zake: za karo, za misaada ya masomo, za vitabu vilivyoazimwa. Siku moja shule yako italetewa mfumo mpya, na kijana mwerevu kama nilivyokuwa mimi atakuja kuhamisha majina. Mwombe mambo machache. Nakala ya zamani ihifadhiwe bila kuguswa hata kidogo, kama Mzee alivyofanya. Mistari ihesabiwe kabla na baada, na jumla ya fedha ilinganishwe pande zote mbili. Yajaribiwe majina kumi kwanza, kisha yasomwe moja moja na mtu anayewajua wenyewe. Kila mwanafunzi awe na nambari yake, na kamwe wasiunganishwe wawili kwa sababu ya jina peke yake. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili pasiwe na utata. Na ikiwa kuna safu ya maelezo, iwe ya mwisho kufutwa, na isifutwe na mtu asiyeielewa.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Mnapofundishwa tarakilishi, mtafundishwa vitufe, na vitufe hujifunzwa kwa wiki moja. Msidharau somo la lugha mkidhani kwamba halihusiani na mashine. Makosa yote niliyoyataja ni makosa ya kusoma na kuandika: tahajia, ritifaa, koma iliyowekwa mahali pasipofaa. Hata anwani ya kawaida, sanduku la posta kisha koma kisha mji, hukatwa vipande viwili na faili inayotumia koma kutenganisha safu, isipofungwa kwa alama za mtajo. Anayejali namna jina la mwenzake linavyoandikwa amekwisha kuwa mtaalamu nusu.

Tuliyarekebisha mambo, ingawa si kwa siku moja. Nilikaa na Mzee wiki tatu, jina baada ya jina, tukazitenganisha shule zilizounganishwa kimakosa. Hazikuwa mbili tu, zilikuwa kumi na moja. Mfumo uliongezwa mahali pa Maelezo, na ikawa kwamba halikuwa jambo gumu. Hakuna aliyekuwa ameomba. Vitabu arobaini vilirudi Nairobi kwa basi na kupelekwa kwenye majani chai, vikawafikia watahiniwa siku nne kabla ya mtihani wa majaribio. Sijui ni wangapi waliojibu vibaya maswali ya riwaya ile kwa sababu yangu, na kutojua huko sijakuzoea hadi leo.

Mama yule wa Pwani alikubali radhi yetu. Kabla ya kuondoka aliniomba nimwandikie barua kwamba shule yake haidaiwi, akataka nakala mbili, moja yake na moja ya bodi ya shule. Nilipomweleza Mzee, alicheka. Akanionyesha mstari wa shule ile, mwisho kabisa wa Maelezo, mahali ambapo sikuwa nimefika kusoma: "Mpe risiti mbili."